Barua kwa mdogo wangu: usiku wa kuogopa ni ule unaofuata upepo

Mdogo wangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, na nyuma ya maneno yako nikasikia upepo ukitikisa dirisha. Unasema juzi ulishinda na shati jepesi, jioni mawingu mazito yakaja kutoka magharibi, mvua ikamwagika kwa kishindo kwa muda mfupi, na kulipokucha baridi ikawa ya kutia ganzi vidole. Ukasema pia kwamba uliiingiza miche yako ya vyunguni ndani kwa sababu ya upepo, na sasa, kwa kuwa upepo umetulia na jua linawaka kwenye anga safi, umeirudisha nje.

Hapo ndipo niliposhtuka. Nakujibu hadharani kwa sababu wapo wengi waliohamia nchi za misimu minne kama wewe, wanaopambana na majira haya ya kupukutika majani bila mtu wa kuwaeleza. Na ninachotaka ukishike ni hiki: upepo ule haukuwa na nia mbaya na bustani yako. Hatari inakuja usiku wa utulivu unaoufuata, na wewe umepanga nyumba chini kabisa bondeni.

Kwanza uelewe kilichopita juu ya paa lako. Ni wimbi la baridi, yaani mpaka kati ya hewa mbili. Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya vuguvugu, kwa hiyo inaposhuka kutoka upande wa ncha ya dunia hujipenyeza chini ya ile ya vuguvugu na kuinyanyua kwa nguvu. Hiyo iliyonyanyuliwa ndiyo inayojenga mawingu marefu na kuteremsha mvua ile ya ghafla. Picha hii tunadaiwa na wataalamu wa hali ya hewa wa Bergen, Norwei, akina Vilhelm Bjerknes na mwanawe Jacob, walioifanyia kazi mara tu baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kabla yao watu waliziona dalili hizi moja moja. Wao ndio waliozifunga katika mfumo mmoja unaosafiri.

Dalili zenyewe utazizoea upesi. Kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, hushuka wimbi la baridi linapokaribia, kisha hupanda haraka likishapita. Upepo nao hugeuka. Huko uliko, kaskazini mwa dunia, ulikuwa ukivuma kutoka kusini-magharibi, na ghafla ukahamia kaskazini-magharibi. (Wasomaji walio kusini, ambao majira haya huwafikia Machi hadi Mei, wataona ukigeuka kutoka kaskazini-magharibi kwenda kusini-magharibi.) Ukiona upepo umegeuka hivyo na mawingu yanaachana, jua kwamba hewa unayoivuta sasa si ile ya asubuhi. Ni hewa nyingine kabisa, ya baridi zaidi na kavu zaidi. Huo ukavu uuweke akilini, nitaurudia.

Uliniuliza kwa nini simu yako iliandika nyuzi 5 lakini mwili ukahisi kama barafu. Mwili wako hutengeneza joto, na joto hilo hukaa kama tabaka jembamba la hewa juu ya ngozi. Upepo hulipeperusha kila unapolitengeneza upya. Wamarekani wawili, Paul Siple na Charles Passel, walianza kulipima jambo hili huko Antaktika kwa kuangalia maji yanachukua muda gani kuganda katika upepo wa kasi mbalimbali, na matokeo yao yakachapishwa 1945. Kwa kanuni inayotumika leo Marekani na Kanada, nyuzi 5 zikiandamana na upepo wa kilomita 30 kwa saa huhisiwa na uso ulio wazi kama nyuzi 0. Kwa hiyo hukudeka. Vaa nguo ya juu isiyopitisha upepo, funika masikio, na usimbebe mtoto kifua wazi kwa kuwa tu jua linaonekana dirishani.

Lakini mche wa nyanya hautengenezi joto kama wewe. Ukiuweka penye nyuzi 5 na upepo, utapoa hadi nyuzi 5, basi; upepo hauwezi kuuteremsha chini ya hewa yenyewe ilivyo. Tena usiku ule upepo uliifaa miche iliyo ardhini, kwa sababu ulikuwa ukiichanganya hewa ya juu na ya chini, baridi isipate nafasi ya kutuama. Ndiyo maana ulipoamka ukaikuta bustani nzima, ukadhani umevuka.

Sasa tuje kwenye usiku wenyewe. Nyuma ya wimbi la baridi huja kanieneo kubwa, na kanieneo kubwa huleta anga safi na utulivu. Mchana ni mzuri mno. Jua likishazama, ardhi huendelea kutoa joto lake kuelekea angani. Kungekuwa na mawingu, yangelipokea na kulirudisha sehemu yake kubwa. Bila mawingu, na katika hewa kavu, linakwenda moja kwa moja. Nyasi na majani hupoa kwanza, kisha hewa inayoyagusa. Hewa hiyo ikishapoa inakuwa nzito, na ikiwa nzito inafanya kama maji: inateremka polepole kwenye miteremko, inafuata makorongo, inajikusanya bondeni, na mahali penye ukuta au ua mnene inazuiwa na kujaa.

Unaweza kuliona jambo hili kwa macho. Alfajiri ya usiku kama huo simama nje, tazama moshi unaotoka kwenye bomba la nyumba ya chini. Utapanda wima kwa mita kadhaa, halafu utasita, utalala, na kutandaa bapa juu ya bonde lote kama shuka. Pale ulipotandaa umekutana na hewa yenye joto zaidi kuliko ya chini, na hauwezi kuipenya. Chini ya shuka hiyo ndipo unapoishi wewe. Jirani mwenye nyumba katikati ya mteremko yuko juu yake, na huenda asubuhi hiyo nyanya zake zikawa salama salimini ilhali zako zimeteketea, ingawa mnaonana. Wakulima wa mizabibu wanalijua hili vizuri sana: wengi hupanda kwenye miteremko, na walio chini husimika feni kubwa juu ya minara ya takriban mita 10, ziivute hewa ya joto ya juu na kuishusha kwenye mizabibu.

Usidhani natia chumvi kuhusu mabonde. Huko Austria kuna shimo la asili milimani, Gstettneralm, ambalo halina njia ya kutolea hewa baridi inayojaa humo. Mwaka 1932, wakati wa kipupwe, kipimajoto cha humo kilisoma nyuzi 52 na ushee chini ya sifuri. Bonde lako lina mlango na haliwezi kufika huko hata kidogo. Kinachofanya kazi, hata hivyo, ni kilekile.

Jambo linalowaponza wageni kuliko yote ni namba ya utabiri. Kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa hukaa kwenye kivuli, kati ya mita moja na robo na mita mbili juu ya ardhi. Usiku mtulivu wenye anga safi, nyasi zinaweza kuwa baridi kuliko hapo kwa nyuzi kadhaa. Utabiri ukisema nyuzi 3, wewe ukasema “hazijafika sifuri”, majani yako yaliyo karibu na ardhi yanaweza kuwa yamekwisha kuganda. Na kituo chenyewe mara nyingi kiko mahali pa wazi, tena palipoinuka kuliko bondeni kwako. Mimi nikiona nyuzi 4 kushuka, anga safi, upepo hafifu, nachukua vitambaa na kutoka nje.

Na ule ukavu niliokwambia? Hewa yenye unyevu ikipoa hudondosha umande, na umande unapofanyika hutoa joto kidogo linalopunguza kasi ya kupoa. Hewa iliyokuja na wimbi la baridi haina unyevu wa kutosha kwa hilo, kwa hiyo nyuzi huporomoka bila breki. Kuna usiku ambapo hata jalidi nyeupe, ile barafu nyembamba inayotanda juu ya majani, haionekani. Asubuhi hakuna chochote kinachong'aa kwenye nyasi, lakini mimea imekufa, kwa kuwa maji yaliyomo ndani yake yameganda. Kama jalidi nyeupe ipo, iinamie uitazame kwa karibu: kila ukingo wa jani umeota vijisindano vya barafu, na kila unywele wa shina umevikwa wake. Inapendeza kuitazama. Jua likishaligusa jani la nyanya lililoganda, linageuka kijani cheusi, linalowa, linalegea na kuning'inia. Hapo hakuna dawa.

Kwa hiyo leo, kabla jua halijazama, fanya hivi. Vyungu vyote virudishe ndani. Miche iliyo ardhini, kama nyanya, pilipili, maharage na matango, ifunike kwa shuka au blanketi la zamani, na pindo lifike chini kabisa, maana joto unalolitega ni la ardhi. Kitambaa kilichofungwa kwenye shina kama mwavuli kinaiacha ardhi wazi na hakisaidii kitu. Ukifunika saa nne usiku, joto limeshaondoka. Plastiki isiguse majani, kwa sababu jani linaloigusa huganda pamoja nayo. Iinue kwa vijiti. Udongo mkavu umwagilie mchana, kwa kuwa udongo wenye maji hutunza joto zaidi. Lakini usiku usinyunyize maji kidogo kidogo ukidhani unafanya kama wenye mashamba makubwa. Wao huyamwaga bila kukoma hadi barafu iyeyuke asubuhi, kwa kuwa maji yanapoganda hutoa joto. Maji machache yanayokauka juu ya jani hulinyang'anya joto kuliko yanavyolipa.

Kabichi na karoti ziache. Zinaistahimili jalidi nyepesi, tena hujiongezea sukari, na utaionja tofauti.

Usifunue mapema. Watu wengi hutoka saa kumi usiku, wakiona mambo shwari hurudi kulala, kumbe baridi kali kuliko zote huja jua linapochomoza au muda mfupi baadaye. Jua likishapanda na nyasi zimeyeyuka, ndipo ufunue, mimea isije ikaungua chini ya kifuniko mchana.

Kuhusu gari, unaondoka alfajiri, na barabara yako inafuata mto. Daraja hupoa haraka kuliko barabara kwa kuwa hewa inalizunguka juu na chini. Lami inaweza kuonekana kama imelowa tu kumbe ni barafu nyembamba. Punguza mwendo kabla ya kulifikia. Ukiwa juu yake usishike breki kwa ghafla wala usikate usukani.

La mwisho nalisema kwa uzito kuliko bustani na gari. Usiku huu usiwashe jiko la mkaa wala jenereta ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha, hata kwa nusu saa, hata watoto wakilia baridi. Hewa ya sumu inayotoka humo (kaboni monoksidi) haina harufu wala rangi, na aliyelala haamki kuikimbia. Kama kuna jiko la kuni lenye bomba, bomba likaguliwe kabla baridi haijashika kasi, na ununue king'ora cha kugundua hewa hiyo, ukiweke karibu na vyumba vya kulala. Hilo nakuomba ulifanye wiki hii.

Halafu tafuta vipimajoto viwili vya kawaida. Kimoja kiweke chini kwenye nyasi, kingine kitundike nje usawa wa kifua chako. Kesho jua linapochomoza visome vyote viwili, na uniandikie namba zote mbili, nami nitakwambia ni utabiri wa nyuzi ngapi unaopaswa kukutoa nje na vitambaa.

Dada yako