Kitoe Sebuleni: barua kwa mdogo wangu aliyeko Ohio

Mdogo wangu,

Salamu zitafuata. Kwanza kitoe sebuleni hicho kifuko ulichookota kwenye mti wa mepo (maple). Cha kahawia, kirefu kama kidole, kimegandana na kijiti kwa urefu: aliyemo ni sekropia, nondo mkubwa kuliko wote wenye asili ya Amerika Kaskazini. Mabawa yakitanda hufika sentimita 15, hata zaidi.

Hita ndiyo adui yake. Bundo aliyemo, yaani kiwavi aliyejifunga akigeuka nondo, amelala, na ubongo wake hautoi homoni ya kumwamsha mpaka upitie baridi ya wiki nyingi. Ukimweka kwenye joto, ama hatoki kabisa, ama anatoka Januari, theluji nje, hana mwenzi wala jani la kutagia. Hewa kavu ya ndani nayo humkausha.

Kiinue taratibu. Kizito, kuna uhai. Chepesi kama ganda la karanga, huenda amekufa au ameliwa na vimelea. Usikipasue kuhakikisha! Kitundike na kijiti chake nje, kivulini, ndani ya kizimba cha wavu wa matundu madogo yasiyopenywa na panya, maana panya, kindi na vigong'ota wote humtafuta. Mvua na theluji haimdhuru. Friji inawezekana, nyuzi 3 au 4 za Selsiasi, ila friji zinazoyeyusha barafu zenyewe hukausha mno; utalazimika kumnyunyizia maji kidogo kila wiki, na ukizidisha ukungu unaingia. Mimi nasema nje.

Atatoka Mei au Juni, amelowa, mabawa kama vitambaa vilivyokunjamana. Hapo ndipo wengi huharibu. Anahitaji kitu chenye kukwaruza ili apande, aning'inie, asukume majimaji kwenye mabawa yanyooke. Kwenye kioo au plastiki huteleza, mabawa yanakauka yamekunjamana, na hakuna dawa.

Usimpe maji ya sukari. Hana mdomo wa kulia. Anaishi wiki moja au mbili kwa akiba ya alivyokula akiwa kiwavi. Tazama papasi, zile pembe laini za kichwani: pana kama unyoya ni dume, mwachie usiku huohuo. Nyembamba, tumbo nene, ni jike. Mwache kizimbani nje usiku mmoja. Kabla ya alfajiri atatoa harufu ambayo wewe huisikii, na madume huifuata kutoka zaidi ya kilomita moja. Wakishapandana hubaki wameshikana mpaka jioni, usiwatenganishe. Kisha fungua wavu; majani ya mepo, cheri au tufaha atayatafuta mwenyewe.