Mdogo wangu, kabla hujamkasirikia Mwana Kupona

Mdogo wangu,

Umepewa Utenzi wa Mwana Kupona usome, wasia wa mama huyo kwa binti yake, uandike kurasa mbili za maoni yako, na rasimu yako inafungua hivi: "Utenzi huu unamkandamiza mwanamke." Huenda. Ila umeandika kurasa zote mbili bila kugusa ubeti hata mmoja, na hapo ndipo alama zitakapokatwa. Hasira yako iache ilivyo, kwanza rudi kwenye maneno.

Negema wangu binti
mchachefu hasanati
upulike wasiati
asa ukazingatia

Hesabu mizani kwa vidole: nane kila mshororo. Ukipata saba katika ule wa kwanza, umemeza n ya "binti". Hiyo ni silabi inayojitegemea, bi-n-ti. Lakini "nga" ya "ukazingatia" ni silabi moja tu. Vina vitatu vya mwanzo ni -ti. Kile cha nne ndicho cha bahari, na kinarudi mwishoni mwa kila ubeti, katika beti zote 102.

Lugha ni Kiamu, lahaja ya Lamu, na Kiamu kinamtega anayedhani anakijua. "Negema" ni sogea karibu; "upulike" ni usikilize. "Asa" si "sasa" iliyokatwa kichwa, maana yake ni huenda. Soma tena sasa: sikiliza wasia, huenda ukauzingatia. Wewe umeandika kwamba mama "anaamrisha tangu mwanzo". Anayeamrisha hasemi huenda. Ubeti wa pili unakwambia sababu: maradhi yamemshika, mwaka umetimia. Nafsineni, yaani anayesema ndani ya utenzi, ni mgonjwa, mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, kisiwani Pate, aliyepigana na Sayyid Said wa Zanzibar. Mwaka ameutaja mwenyewe katika beti za mwisho, 1275 wa Hijria, yaani 1858 hivi.

Ubeti wa tatu unaanza "Ndoo mbee ujilisi". Hapana ndoo ya maji hapo. Nj yetu kwa Kiamu ni nd: njoo mbele, uketi. Na binti aje na nini? Wino na karatasi. Mshororo huo umeuruka, nao ndio unaoitikisa hoja yako kuliko wote: anayeusiwa utii anaitwa aje na vifaa vya kuandikia, na anayemwita ni mwanamke anayetunga.

Halafu nenda kwenye radhi tano: Mungu, Mtume wake, baba, mama, na mume. Nenda pia pale mume akilala asikose mtu wa kumpepea. Hapo kasirika, una haki. Lakini nukuu ubeti mzima, ufafanue neno kwa neno, ndipo useme unakataa nini. Kueleza tena wasia wote kwa nathari ni muhtasari, nao hukuombwa. Taja na toleo ulilosomea, maana tahajia hutofautiana kati ya matoleo, na msomaji wako asije akadhani umenukuu vibaya.

Mambo ya fani yasizidi aya moja. Mizani na vina viingie pale tu vinapobeba hoja. Orodha ya "utenzi una vina, una mizani" haimwambii mwalimu kitu.

Sentensi ya kwanza ifute. Anza na wino na karatasi, kisha mlete huyo mume anayepepewa, uwaweke aya moja. Nitumie rasimu ya pili.