Makocha wa tenisi, acheni "ongeza nguvu", anzeni na kurusha mpira

Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye kurasa zako za michezo, najua zimejaa Simba na Yanga ila leo nivumilie mimi wa tenisi. Mwanangu ana miaka 11, jumamosi nilikaa pembeni ya uwanja nikahesabu, sevu (ule mpigo wa kuanzisha pointi, unajirushia mpira juu kisha unaupiga) 20 zimeingia 4, na kocha muda wote kazi yake ni ongeza nguvu ongeza nguvu. Nguvu ya nini jamani wakati mpira wenyewe mara unamwangukia kisogoni mara uko mbele huko anaukimbiza kama kuku?

Nikamwangalia mkono, kumbe anaufumbata mpira kiganjani, anakunja kiwiko halafu mwishoni anabetua kifundo cha mkono, hapo mpira lazima uende unakotaka wenyewe. Tukarudi home, raketi marufuku kushika. Nikamwambia shika kwa ncha za vidole kama kikombe cha kahawa ya kijiweni, mkono unyooke, uinuke taratibu kuanzia begani, uachie ukifika usawa wa macho. Nikaweka kandambili chini, nusu hatua mbele ya mguu wake wa kushoto, arushe auache mpira udondokee pale. Siku ya kwanza kwenye 10 kapata 2, wiki ya pili 7.

Halafu haya maelekezo ya kizungu eti ukiwaza uso wa saa mbele yako mpira uwe juu "saa moja", kwa Mswahili saa moja mshale uko kwenye 7, yaani mpira upo magotini! Mwambieni mtoto saa saba ataelewa, kwa anayepiga kwa mkono wa kulia.

Na wafundishwe kwamba ukirusha vibaya si lazima upige, sheria inakuruhusu uudake urushe tena, folti (kosa la sevu) ni pale ulipozungusha raketi ukakosa. Mwanangu alikuwa hajui, anapiga tu kila kilichopanda hewani. Sabalenka mwenyewe, nyota wa tenisi ya wanawake, mwaka 2022 alipiga dabo folti (folti mbili mfululizo, pointi inapotea) zaidi ya 400, akakubali kuitengeneza sevu yake upya na mtaalamu, Januari 2023 akabeba Australian Open, moja ya mashindano makubwa kabisa ya tenisi. Sasa mtu mzima wa kiwango kile karudi darasani, huyu wa miaka 11 anakimbizwa wapi?

Jina la klabu silitaji, mtoto bado ana mazoezi pale jumamosi.

Mzazi, Kinondoni, Dar es Salaam