Tuandikieni na ngazi alizopanda Ilhan

Mhariri,

Mimi ni mkazi wa Utange, Mombasa. Wazee wa hapa bado wanaikumbuka kambi ya Wasomali waliokimbia vita mwanzoni mwa miaka ya tisini. Humo Ilhan Omar, aliyekuja kuwa mbunge wa Marekani, alikaa kwa muda wa miaka kama minne akiwa mtoto mdogo, kabla ya jamaa zake kupelekwa Marekani mwaka 1995. Ndiyo maana jina lake likitajwa redioni sisi hutega sikio, kama tunaosikia habari za mtoto wa jirani.

Lakini habari zake, Mhariri, huanzia mwishoni. Tunasimuliwa alivyoapishwa katika Bunge la Marekani Januari 2019, na jinsi kanuni ya miaka 181 ya kutofunika kichwa ukumbini ilivyolegezwa ndipo akaingia na mtandio wake. Nilifurahi kama wengine. Ila msichana wa Kisauni akishasoma hayo hubaki na picha tu, njia haioni.

Njia yenyewe ilianzia mtaani. Kule Minnesota, jimbo la Marekani walikohamia, vyama huitisha mikutano ya majirani, watu wakajadiliana na kuchagua wajumbe. Babu yake Ilhan alipenda kuhudhuria, na mjukuu, bado kigori, akawa mkalimani wake. Mwaka 2013 alisimamia kampeni ya Andrew Johnson, aliyewania udiwani wa jiji la Minneapolis. Johnson aliposhinda, Ilhan akawa msaidizi wake wa sera. Mwaka uliofuata alipigwa akaumizwa kichwa katika mkutano wa chama mtaani Cedar-Riverside, jijini humo. Hakuacha. Mwaka 2016 akaingia mchujo wa chama chake kumkabili Phyllis Kahn, mama aliyekuwa katika bunge la jimbo tangu 1973, akamshinda. Novemba hiyo akawa Mmarekani wa kwanza mwenye asili ya Kisomali kuchaguliwa katika bunge la jimbo. Bunge la taifa kule Washington lilikuja miaka miwili baadaye.

Na hata hapa Pwani, Fatuma Achani alikuwa naibu gavana wa Kwale tangu 2013 kabla wananchi hawajamchagua gavana 2022. Bado mabinti zetu wanaambiwa watulie, chama kitawapa viti vya kuteuliwa.

Juzi nilikwenda na mpwa wangu kwenye kikao cha kutoa maoni ya bajeti. Makaratasi yote ya Kiingereza. Kina mama waliokaa nyuma walinyamaza kimya, hadi yule binti akakiburura kiti chake akaketi katikati yao, akawa anawafasiria mstari kwa mstari, kidole juu ya tarakimu: hii ya zahanati, hii ya mitaro. Haikupita nusu saa, bibi mmoja akainuka akauliza pesa za kisima zilikwenda wapi. Ukumbi mzima uligeuka kumtazama.

Tukiwa njiani kurudi, mpwa wangu aliniuliza: fomu ya mchujo ya kuwania uwakilishi wadi huchukuliwa wapi, na hulipiwa shilingi ngapi?

Swali hilo nalileta kwenu, Mhariri. Uchaguzi ni Agosti 2027. Tuchapishieni ada za kila chama, masharti yake na tarehe za mwisho, kwa Kiswahili, ukurasa mmoja tu, kabla michujo haijaanza.

Mama wa Utange,
Mombasa