Baba na Mama, nyumba isiuzwe kwanza

Wapendwa Baba na Mama,

Shikamooni. Natumaini barua hii itawakuta mkiwa wazima, presha ya Mama ikiwa imetulia na goti la Baba likiwa limepoa. Sisi hatujambo. Mjukuu wenu amengʼoka jino la mbele na anangojea Jumapili awaonyeshe pengo kwenye simu.

Nimeamua kuandika kwa sababu Jumapili iliyopita Baba alisema neno ambalo sikuweza kulijibu papo hapo, nalo limenikaa moyoni wiki nzima. Alisema kwamba mmezungumza, mmekubaliana, na dalali ameshakuja kuiangalia nyumba, kwa kuwa walipo watoto ndipo nyumbani. Nilinyamaza, Mama akadhani mtandao umekatika. Haukukatika. Nilikuwa natafuta namna ya kuwaambia kwamba ninawataka hapa kuliko ninavyoweza kueleza, na kwamba pamoja na hayo ninawaomba msiuze nyumba.

Lazima nianze kwa kukiri, kwa maana wazo hili nililipanda mimi. Niliposema miaka mitatu iliyopita, "Njooni mpumzike kwetu," sikuwa nikiwafikiria ninyi peke yenu. Mtoto alikuwa mdogo, mimi na mume wangu tulikuwa tukipishana mlangoni, mmoja akirudi kazini na mwingine akienda, na nilitamani mtu wa damu yangu abaki naye. Baadaye Mama akaanguka bafuni. Jirani ndiye aliyemnyanyua, jirani ndiye aliyemfikisha hospitali, na mimi mwanawe wa kumzaa nilipata habari mkono ukiwa umeshafungwa hogo. Usiku ule niliapa kuwaleta, liwe liwalo. Sasa naona kwamba aliyeapa ni hofu yangu, na hofu yangu si sababu ya kutosha ya ninyi kufunga virago mkiwa na miaka 68 na 64.

Baba, walipo watoto ni wapi? Mimi niko Toronto, Dada yuko Uingereza, mdogo wetu yuko Australia, na kila nchi ina hesabu yake. Australia, kwa viza za kudumu za wazazi, huwahesabu watoto wenyewe: ni lazima angalau nusu ya watoto wawe na makazi ya kudumu kule, au wawe wengi kule kuliko katika nchi nyingine yoyote moja. Ninyi mna watoto watatu katika nchi tatu, kwa hiyo sharti hilo halitimii, hata mdogo wetu akiwa na nyumba kubwa na kazi nzuri kiasi gani. Na wanaolitimiza, wakiingia katika foleni ya ada ndogo, huambiwa wategemee kusubiri miaka 30 hivi. Uingereza ni kugumu zaidi: tangu Julai 2012 mzazi wa mtu mzima hupewa viza ya kuishi pale tu anapothibitisha kwamba kwa uzee, maradhi au ulemavu anahitaji kusaidiwa katika mambo yake ya kila siku kwa muda mrefu, na kwamba huduma hiyo haiwezi kupatikana anakoishi hata kwa fedha za mtoto wake. Ninyi mnaoga wenyewe, mnavaa wenyewe, mnapika wenyewe, nami namshukuru Mungu; lakini kwa sheria ile uzima wenu ndio unaowafungia mlango. Dada amelia sana juu ya jambo hili. Akiwa kimya kila mnapotaja kuhama, msidhani kwamba hawataki.

Inabaki Kanada, na huku kuna milango miwili. Wa kwanza ni udhamini wa ukaazi wa kudumu. Mtoto hutia saini ahadi ya kuwatunza wazazi kwa miaka 20, isipokuwa katika jimbo la Quebec ambako ni miaka 10, na ahadi hiyo haifutiki hata akipoteza kazi. Mimi ningeitia saini leo. Lakini mlango huo haugongwi, watu huitwa, na kwa miaka kadhaa walioitwa wametoka katika orodha ya waliojiandikisha mwaka 2020, wakati ambapo mimi sikuwa bado na haki ya kumdhamini mtu. Mlango wa pili ni supa viza ya wazazi, iliyoanzishwa mwaka 2011. Hiyo humruhusu mzazi kuingia na kutoka kwa hadi miaka 10, na tangu Julai 2022 anaweza kukaa hadi miaka mitano kwa kila anapoingia. Kwa hali yetu ilivyo, huo ndio mlango wenu, nami natimiza masharti yake ya kipato.

Ila naomba muelewe vizuri mwenye supa viza ni nani. Ni mgeni anayeruhusiwa kukaa sana. Haruhusiwi kufanya kazi, hana bima ya afya ya serikali, na malipo ya uzeeni ya nchi hii hayamhusu, kwani hayo hutaka mtu awe na miaka 65 na awe ameishi hapa kihalali angalau miaka 10 tangu alipotimiza miaka 18. Ni lazima aje na bima binafsi ya angalau mwaka mmoja, yenye kinga isiyopungua dola 100,000 za Kanada. Na hapo ndipo presha ya Mama inaponikosesha usingizi. Bima nyingi za aina hii hazilipii maradhi ambayo mtu amekuja nayo ikiwa hayajatulia kwa miezi kadhaa kabla ya safari, na kubadilishiwa dozi peke yake kunaweza kuhesabiwa kuwa hayajatulia. Tena ni bima ya dharura. Kliniki ya kawaida, vipimo vya kila mara na dawa za kila siku vitatoka mfukoni. Mama, wewe una daktari anayekutazama usoni akajua kwamba hukulala. Hapa utaanza upya, mkalimani wako nikiwa mimi, na ninafahamu yapo mambo ya mwili wako ambayo hungependa yapitie mdomoni mwa mwanao.

Najua mtaniambia kwamba mmeshakuja na mkapaona. Ni kweli, mlikuja Juni na mkaondoka mapema Septemba, mkaona bustani, na watu waliokaa nje hadi usiku. Baba ulifanya jambo ambalo huwa nawasimulia wenzangu kazini: ulichukua daftari dogo, ukaandika namba ya basi, jina la kituo cha kushukia na namba yangu ya simu, na wiki ya tatu ukaenda maktaba peke yako na kurudi. Uliingia mlangoni ukiwa umenyooka kama kijana. Lakini basi lile lile, mwezi wa Januari, husubiriwa kwenye upepo ambao hukausha machozi kabla hayajafika shavuni, juu ya barafu ambayo vijana wenyewe huikanyaga kwa hatua fupi fupi. Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Sisi hutoka gizani na kurudi gizani, na kati ya hapo nyumba itakuwa na ninyi wawili na televisheni inayozungumza lugha ambayo Mama huielewa kwa taabu. Nyumbani kwenu mlango wenu haufungwi mchana. Kuna anayekuja kuomba ushauri, kuna anayekuja kukaa tu. Baba, wewe ulistaafu kazi, hukustaafu kuwa mtu anayehitajika. Huku mtu atakayekuhitaji kila siku ni mmoja, ana umri wa miaka saba, na akifika miaka 13 atataka kufunga mlango wa chumba chake.

Katika jengo letu kuna mzee mmoja, siye wa kwetu, aliyekuja kuishi karibu na mwanawe. Aliuza kila kitu alikotoka. Baada ya muda mwanawe alipata kazi katika mji mwingine, umbali wa saa nne na nusu kwa ndege, na mzee akakataa kuhama mara ya pili, kwa kuwa alikuwa ameshazoea msikiti wake na duka lake la dawa. Kila asubuhi hukaa kwenye kiti cha ukumbi wa chini, karibu na lifti, amevaa koti na kofia kana kwamba anatoka, na humsalimia kila anayepita kwa jina. Majina yetu sote ameyajifunza. Lake mimi nililiuliza mwaka huu tu, na nimeona haya. Huwa namfikiria kila Baba anaposema "walipo watoto", maana watoto nao huhama. Kampuni yetu ilipunguza watu mara mbili nikiwa kazini, na siwezi kuwaahidi kwamba baada ya miaka mitano nitakuwa katika mji huu huu.

Sisemi msije. Yapo mambo ambayo hayawezi kupita kwenye simu, na Mama akianguka tena nataka niwe mimi wa kumnyanyua. Ninachosema ni kwamba mje kwa namna ambayo mlango wa kurudi unabaki wazi, kwa sababu nyumba ikishauzwa ni maji yaliyomwagika. Fedha yake, ambayo kwenu inaonekana nyingi, hapa itapungua haraka, na mtakuwa mmebaki wageni wa viza, msio na haki za mkaazi wala pa kurejea. Pensheni ya Baba nayo inataka kuangaliwa: ulizeni mapema huko kwenye mfuko jinsi wanavyomhakiki mstaafu aliye nje, msije mkasimamishiwa malipo kwa sababu hamkuonekana.

Pendekezo langu ni hili, na Dada na mdogo wetu wameliafiki. Mje mwishoni mwa Oktoba, mkae hadi Aprili, yaani miezi ile mibaya ambayo hamjaiona. Nyumba msiipangishe, ifungwe, na binamu ashike ufunguo. Mkae kama watu wanaoishi, si kama watu waliotembelea: Mama aende kwa daktari, Baba apande basi, mjue Jumatatu ya kawaida ikoje sote tukiwa tumetoka. Aprili tutakaa chini tuzungumze. Mkipenda, tutatumia miaka iliyobaki ya viza kwa vipindi, nusu huku nusu huko, na iwapo siku moja udhamini utafunguka, mjue kwamba mkaazi wa kudumu anatakiwa awepo nchini siku 730 katika kila miaka mitano, kwa hiyo hata hapo hamtalazimika kuitupa nyumba yenu.

Na msipopenda, hamtakuwa mmetukosea. Basi zamu ya kusafiri itakuwa yetu. Tumeshakubaliana watoto wote watatu kwamba likizo zetu hatutazichukua pamoja tena. Tutapokezana, ili kila baada ya miezi minne hivi mmoja wetu awe amelala chini ya paa lenu, na kwa pamoja tutamlipa mtu wa kushinda na Mama siku za kliniki. Hili tulipaswa kulifanya tangu zamani. Ilikuwa rahisi zaidi kusema "njooni".

Kuna jambo moja ambalo sitaki tulifiche. Mama aliwahi kuniambia pale anapotaka kuzikwa, akanionyesha kwa kidole, na hakuwa akitania. Kumsafirisha marehemu kutoka huku kunachukua siku nyingi na nyaraka nyingi, na baadhi ya bima hulipia na nyingine hazilipii. Nitahakikisha tunayochukua inalipia. Lakini naomba mzungumze wenyewe wawili kabla ya kunijibu, kwa maana hili si la watoto kuwaamulia.

Mwambieni dalali asubiri. Baba, angalia pasipoti zenu zinaisha lini, kwa kuwa viza haiwezi kuzidi muda wa pasipoti. Mama, naomba uniandikie dawa zako zote, dozi zake, na tarehe ambayo daktari alibadilisha mara ya mwisho, hata kama ilikuwa kuongeza nusu kidonge tu. Nikipata hayo nitaanza kutafuta bima wiki hiyo hiyo.

Daftari lako, Baba, uliliacha kwenye droo ya jikoni na bado lipo. Namba ya basi la maktaba imebadilishwa, hivyo nimeandika mpya chini ya ile yako.

Wasalaam,
Mwanenu awapendaye