Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: kuhesabu mbegu katika msitu wa Ngezi

Ndugu wanajumuiya,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Tumemaliza mwaka mwengine wa kuhesabu mbegu za miti Ngezi, hapa Pemba, na wengi wenu mmenisimamisha njiani kuniuliza: kwa nini tunaendelea kwenda msituni miezi ambayo hamna kitu? Suali hilo lina haki yake, nalijibu hapa mbele ya wote.

Mwaka huu mitego yetu ya kudakia mbegu, mingi ilikuwa mitupu. Zile chandarua kuukuu tulizozishona na kuzitundika kwenye nguzo nne, juu ya ardhi ili panya wasifike, zilijaa majani na vijiti tu. Mwezi mmoja wa masika, njia imejaa tope, zamu haikwenda kabisa na daftari likabaki wazi. Baadaye nikaombwa tujaze sifuri, kwa kuwa "hata tungekwenda tusingeona kitu". Nilikataa. Sifuri maana yake mtu amekwenda, ametia mkono ndani ya wavu, amechambua majani, hakuona mbegu. Pahala patupu maana yake hatujui. Tukivichanganya viwili hivyo, daftari zima halifai tena. Lawama ya mwezi ule ni yangu, kwani zamu niliipanga mimi bila ya kuweka mtu wa akiba.

Wenye mikarafuu watanifahamu upesi. Mwaka wa karafuu kila mtu anaukumbuka, mpaka na harusi zilizofungwa mwaka ule. Miaka midogo nani anaihesabu? Na bila ya hiyo huwezi kujua ule mkubwa ulikuwa mkubwa kiasi gani.

Huko Uingereza kuna miti ya Fagus, miti ya nchi za baridi. Tangu 1980, kila mwaka watafiti hutafuta mbegu chini yake kwa dakika saba, kila mti dakika zile zile. Iko miaka wanayotoka mikono mitupu, na wanaiandika. Miti hiyo huwanyima chakula wadudu na wanyama kwa muda, kisha huzaa yote kwa pamoja, mbegu zikawashinda walaji. Mwaka 2020 ikachapishwa habari ya kusikitisha: kwa joto kuongezeka, miti imekuwa ikizaa mara nyingi zaidi, lakini imeacha kwenda pamoja. Nondo wanapata chakula kila mwaka na mbegu nyingi zinaliwa. Chavua, ule unga wa maua, nayo haienei kama zamani. Aliyetazama mti mmoja kwa msimu mmoja angesema umezaa vizuri, alhamdulillahi. Ubaya ulionekana kwenye madaftari ya miaka mingi, sifuri zake zikiwemo.

Miti ya Ngezi ni mingine na sisemi yanafanana. Nasema hatutajua kama hatuhesabu.

Sifuri nayo inataka kuangaliwa. Mvule wetu ulio karibu na njia ya Vumawimbi haujatupa mbegu hata moja tangu tuanze, na tulikuwa tukiuhurumia. Mwaka huu wavu wake ulikutwa na vishada virefu vyembamba, vyeupe, vinaning'inia kama nyuzi. Ni maua ya dume! Mvule una mti dume na mti jike, na dume halizai abadan. Sifuri zake zote tumezizungushia wino mwekundu, hatukuzifuta, na mtego mwengine utawekwa chini ya jike.

Chini ya mti wa mjoho nako tulikuta kokwa la embe lina alama za meno, pembeni yake kapi kavu lililofinywa. Hiyo ni kazi ya popo: hutafuna, akanywa maji, akatema nyuzi. Mbegu kama hiyo isiandikwe kuwa ya mti ulio juu yake. Tumeifungulia safu yake katika daftari, tumeiita "mgeni", na mimi nimefurahi nayo kuliko kitu chochote mwaka huu.

Hesabu za fedha atazisoma mshika fedha baada yangu. Mimi naomba watu wawili kwa kila zamu, na wa tatu wa akiba, masika na vuli. Chandarua mbili zimetoboka. Mwenye kuukuu nyumbani asiitupe. Zamu ya mwanzo ni Jumamosi ya mwanzo ya mwezi ujao, tukutane kwenye lango la msitu saa moja asubuhi, na kila mmoja aje na penseli, kwani wino unafutika kwa mvua.