Yah: Malalamiko kuhusu siku za mwisho za safari ya familia yangu Istanbul

Meneja Mkuu,
Kampuni ya Safari na Utalii,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kwa niaba ya familia yangu: mke wangu, watoto wetu watatu na mama yangu mzazi. Tulinunua kwenu safari ya kutembelea Istanbul wakati wa likizo ya shule, tukalipa fedha yote kabla ya kuondoka kama mlivyotaka. Siku za mwanzo sina neno nazo. Viza, ndege na hoteli vilikuwa kama tulivyoelewana. Hata pale kwenye msikiti wa kale wa Hagia Sophia mlitueleza mapema kwamba tangu Januari 2024 mgeni anayekwenda kutazama ana mlango wake, anapanda ghorofa ya juu na kulipa euro 25. Jambo hilo mlilijua na mkatuandaa. Ndiyo maana yaliyofuata yameniuma zaidi.

Ratiba mliyotukabidhi, yenye nembo yenu, inasema hivi: Jumapili, Soko Kuu; Jumatatu, Kasri la Dolmabahçe; Jumanne, Kasri la Topkapı, kisha uwanja wa ndege. Soko Kuu hufungwa kila Jumapili. Dolmabahçe hufungwa kila Jumatatu. Topkapı hufungwa kila Jumanne. Mmetupeleka kila mahali siku ile ile ambayo milango yake haifunguliwi! Haikuwa sikukuu wala dharura; ni utaratibu wa kila wiki, na kila anayefanya biashara ya kupeleka watu Istanbul anapaswa kuujua kabla hajachapisha ratiba. Mngebadilisha mpangilio tu, Topkapı ikaja Jumapili, Soko Kuu Jumatatu na Dolmabahçe Jumanne, tungeona vyote bila kuongeza hata shilingi.

Jumapili tulishushwa kwenye lango la soko upande wa Beyazıt, tukakuta limefungwa. Mke wangu alikuwa ametenga fedha ya zawadi kwa ajili ya siku hiyo. Mwongoza watalii wenu akasema hakuna shida, akatuingiza kwenye duka la mazulia, tukaketishwa, tukaletewa chai ya tofaa, na zulia likatandazwa juu ya zulia mpaka watoto wakaanza kusinzia. Soko la Viungo la Eminönü huwa wazi hata Jumapili, na kutoka pale ni mwendo wa kuteremka kwa miguu. Hakututajia.

Jumatatu ikawa vilevile. Binti yangu yuko kidato cha nne na anapenda historia kuliko somo lolote. Alikuwa amewasimulia wadogo zake habari za Dolmabahçe: kwamba lilikamilika mwaka 1856, kwamba Atatürk, mwasisi wa Jamhuri ya Uturuki, alifariki humo tarehe 10 Novemba 1938, na kwamba saa ya chumbani mwake imeachwa ikionyesha saa tatu na dakika tano asubuhi, wakati alipokata roho. Aliishia kupiga picha ya geti. Kisha tukapelekwa kwenye duka la makoti ya ngozi, ambako mama yangu alikalishwa kwenye kiti karibu na mlango, baridi ikiingia kila mteja alipopita, hadi adhuhuri ikaadhiniwa. Naomba mnijibu kwa maandishi: je, kampuni yenu au mwongozaji wenu hulipwa kamisheni na maduka yale? Kwenye mkataba wetu hayamo.

Lakini haya yote ningeweza kuyasamehe. Lililonifanya niketi niandike ni la Jumanne.

Mama yangu ana miaka 74 na magoti yake hayana nguvu. Hakuja Istanbul kununua wala kupiga picha. Kipeperushi chenu, ambacho ninacho mpaka leo, kimeandika kwa herufi kubwa kwamba siku ya mwisho ni ya kuzuru vitu vitukufu vya Mtume (S.A.W.) katika Kasri la Topkapı. Mlipotuuzia safari, afisa wenu wa mauzo alimweleza mama yangu mwenyewe, ana kwa ana, habari za vazi la Mtume lililohifadhiwa pale, panga za masahaba, na wasomaji wanaopokezana kusoma Kurani ndani ya chumba kile. Maelezo yale yalikuwa sahihi. Vitu vile vilikusanywa pale baada ya Sultan Selim wa Kwanza wa dola ya Uthmania kuiteka Misri mwaka 1517, na watu hutoka mbali kwenda kuviona. Mama alikubali kupanda ndege kwa mara ya kwanza maishani mwake kwa sababu ya maneno yale.

Asubuhi ile aliamka kabla ya sisi sote. Alivaa buibui jipya alilokuwa ameliweka chini kabisa ya begi, hajaligusa tangu Dar, akatia udhu hotelini na kushika tasbihi. Kupanda kile kilima kutoka kituo cha tramu ilimbidi apumzike mara kwa mara, huku mjukuu wake mkubwa akimshika mkono. Tulipofika, mlinzi akatuonyesha kibao: kasri hufungwa Jumanne. Mwongozaji wenu alikuwa na ratiba ile ile mkononi. Alichosema ni kwamba tuna muda wa mapumziko mpaka saa tisa alasiri gari litakapokuja, akaenda zake. Mama aliegemea ukuta, akaniambia, "Basi mwanangu, riziki yangu haikuwepo." Sikuwa na la kumjibu, na mtoto wangu wa mwisho akawa anauliza kwa nini bibi analia.

Nilipiga simu ofisini kwenu papo hapo. Saa za Istanbul na za Dar es Salaam ni sawasawa, kwa hiyo ofisi ilikuwa wazi na nikapokelewa. Niliomba mambo mawili tu: mtusogezee safari ya kurudi kwa siku moja kwa gharama zenu, au mtupe mtu wa kutupeleka mahali pengine penye maana kwa mama. Nilijibiwa kwamba siku za kufunga ni mambo ya Waturuki, kampuni haihusiki. Ndugu Meneja, jibu hilo silikubali. Waturuki hawakuniuzia ratiba. Mmeniuzia ninyi, na nilichokilipia hasa ni ujuzi wenu wa mji ambao mimi siujui.

Aliyetuokoa ni kijana wa mapokezi hotelini. Alimwona mama alivyorudi, akauliza, na alipoelewa akasema: mpelekeni Eyüp Sultan. Ndipo tulipojua kwamba katika mji ule ule kuna kaburi la sahaba Abu Ayyub al-Ansari, mwenyeji wa Mtume alipofika Madina, na kwamba halina siku ya kufungwa kama Topkapı. Tukachukua kutoka Eminönü tramu inayopita kandokando ya maji, kwa kadi ya usafiri ya Istanbul tuliyoinunua wenyewe. Mama alifika, akasoma Fatiha, akaomba dua. Muda haukutosha hata kukaa uani kidogo, maana gari la uwanja wa ndege lilikuwa linasubiriwa. Kama mwongozaji wenu angelitaja jina la mahali hapo asubuhi, badala ya kutuacha njiani, mama angekuwa na siku nzima pale. Mtu wa mapokezi, ambaye hakulipwa na ninyi, alifanya kazi yenu kwa sentensi moja.

Ninachodai ni hiki. Mrejeshe viingilio vya Dolmabahçe na Topkapı kwa watu wote sita, kwa kuwa vilikuwa ndani ya bei na havikutumika. Mrejeshe pia gharama ya gari na ya mwongozaji kwa Jumapili, Jumatatu na Jumanne, kwa sababu huduma niliyopewa siku hizo ilikuwa ya kupelekwa madukani. Tena, mama yangu aombwe radhi kwa barua yenye jina lake, iliyosainiwa na wewe mwenyewe, si kwa ujumbe wa simu kutoka kwa karani. Barua hiyo naitaka kuliko fedha, na sitaona kuwa suala limekwisha bila hiyo.

Nimeambatisha nakala ya mkataba, risiti za malipo, ratiba, kipeperushi, picha ya kibao cha Topkapı na kumbukumbu ya simu niliyowapigia. Naomba majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Nisipoyapata, nitayapeleka malalamiko haya pamoja na vielelezo vyake Tume ya Ushindani.

Na kuna jambo moja la haraka kuliko yangu. Tangazo lenu la safari ya likizo ya Desemba limebandikwa na ratiba ile ile: Soko Kuu Jumapili, Dolmabahçe Jumatatu, Topkapı Jumanne, na picha ya chumba cha vitu vitukufu imewekwa juu kabisa. Watu wameshaanza kulipia. Irekebisheni ratiba hiyo wiki hii, na waliokwisha lipa wapigieni simu muwaeleze mabadiliko.

Wenu mteja,
Baba wa familia, kwa niaba ya wasafiri wote sita